Makopo Manane ya Chai ya Kijani

3 Februari

Shikamoo Mama Makopo,

Nisamehe kwa kukuita hivyo. Baba hana jina jingine la kukutaja, na nilipomuuliza jina lako la kweli alifikiri kidogo, akasema, "Hilo ndilo la kweli." Mimi ni binti yake, niko kidato cha pili. Tangu maradhi ya Desemba mkono wake wa kulia unatetemeka, na daktari amemwambia asitoke kwa muda. Kwa hiyo safari hii anaonja chai za kampuni akiwa nyumbani. Yeye anaonja, mimi naandika.

Kisanduku chako kimefika salama. Makopo yote manane ni mazima, hakuna hata moja lililobonyea. Baba alimweleza Mama kwamba kampuni itauza chai ya kijani kwa mara ya kwanza, na kwamba bosi wenu ataagiza moja tu kati ya hizi nane kwa neno la Baba. Mama alitoa vitu vyote juu ya meza ya jikoni akatuachia. Baadaye alipoona idadi ya vikombe alisema, "Ninyi wawili mtanimalizia maji ya nyumba nzima." Lakini hakutuondoa.

Sikutaka kuandika kitu nisichokielewa, kwa hiyo niliazima kitabu maktaba. Nimejifunza kwamba chai ya Uchina na ya Japani ni jani la mmea uleule. Zinaachana pale tu jani linapotakiwa kuzuiwa lisigeuke jeusi. Wachina wengi hulikaanga kwenye karai la moto, Wajapani hulipitisha kwenye mvuke. Kitabu kinashauri chai ya Uchina imiminiwe maji ya nyuzi themanini, na ya Japani nyuzi sitini tu, kwa sababu ni laini zaidi. Mwalimu wa sayansi ameniazima kipimajoto. Tumefuata hivyo bila kukosea hata mara moja.

Haya ndiyo matokeo. Kwanza makopo yenye utepe mwekundu, yaliyoandikwa Uchina:

Namba moja ina majani bapa kama yaliyopigwa pasi. Inanukia karanga zilizokaangwa, na utamu wake unabaki nyuma ya ulimi. Namba mbili ni vipira vidogo kama punje za pilipili manga, vinavyofunguka polepole ndani ya maji. Ina moshi kidogo. Namba tatu ina majani membamba, nayo pia ina karanga, ila nyepesi. Namba nne imejikunja na ina vinywelea vyeupe, inanukia maua.

Yenye utepe mweupe, yaliyoandikwa Japani:

Namba tano inanikumbusha maji yaliyochemshiwa mchicha, lakini kwa uzuri. Ni nzito mdomoni, karibu na mchuzi. Namba sita ni tamu kuliko zote na haina ukali hata kidogo. Namba saba ni nyasi zilizokatwa asubuhi. Namba nane ina punje za mchele uliokaangwa. Nilidhani ni uchafu nikaanza kuzichambua, Baba akanishika mkono akasema, "Acha, ndivyo ilivyozaliwa."

Hakuna hata moja iliyo mbaya. Baba anapendekeza namba sita, na ametia sahihi yake hapa chini.

Kwa niaba ya Baba, unayemwita Pua,
Binti yake


12 Februari

Ndugu yangu Pua,

Pole na mkono. Mimi pia sijambo yangu ni ya mdomoni tu: mgongo umezeeka kabla yangu, na vumbi la ghala limenifanya niongee kama jogoo wa mtu mwingine. Tuendelee tu, hatuna pa kwenda.

Nimesoma ripoti yako mara tatu. Miaka ishirini na miwili nakuandalia makopo, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona neno "maua" kwenye karatasi yenye sahihi yako. Mara ya mwisho kuisifu chai uliandika "inanyweka", nasi humu ndani tulifurahi wiki nzima. Sasa umepewa chai nane, na zote nane ni nzuri. Maradhi yamekulainisha hivyo?

Kipara, bosi wetu, ameifurahia. Ameitembeza ripoti ofisi nzima akiisoma kwa sauti. Wenye namba sita wanamharakisha, eti mzigo uko tayari na kuna wengine wanaoutaka. Atatia sahihi tarehe ishirini Machi. Ikishaagizwa ndiyo hiyo, ghala zima, mwaka mzima, na jina lako kwenye kila boksi: "Imechaguliwa na mwonjaji wetu." Hilo ni wazo lake, usinilaumu.

Niambie kitu kimoja. Kipimajoto ni cha nini?

Mwanao ana mwandiko mzuri. Msalimie, na umwambie mchele tulishauchambua sisi.

Mama Makopo


20 Februari

Shikamoo Mama Makopo,

Baba amefurahi kupata barua yako. Aliniambia niisome mara mbili ile sehemu ya jogoo.

Kuhusu kipimajoto, anasema chai ya kijani ni laini na haitaki pupa. Kuhusu sifa, anasema chai zikiwa nzuri hakuna budi kusema ni nzuri. Kwa kweli maneno ya pili niliyapanga mimi, lakini alitikisa kichwa kukubali.

Usiwe na wasiwasi juu yake. Anafanya kazi kwa uangalifu kuliko zamani. Zamani alikuwa akinusa kikombe mara moja tu, haraka, kama mtu anayechungulia mlangoni. Sasa anakishika muda mrefu amefumba macho, halafu ananiuliza, "Wewe unasemaje?" Ninapomaliza kusema, anasema, "Ndivyo." Nadhani ananifundisha. Amekuwa mpole sana. Hata hajagombana na mtu tangu Mwaka Mpya.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi Mama aliacha maziwa jikoni akaenda kuanua nguo, na Baba alikuwa amekaa hapohapo karibu na jiko akisoma gazeti. Maziwa yalifura, yakamwagika, yakaungua mpaka jirani akaja kugonga mlango. Baba bado alikuwa anasoma. Mama akasema, "Mume wangu, na hiyo pua wanayokusifia?" Tulicheka. Baba naye alicheka, akasema habari za gazeti zilikuwa tamu mno. Kisha akakunja gazeti akaenda kulala, ingawa ilikuwa saa kumi ya alasiri.

Mama anarudi kutoka kazi ya udobi hotelini amechoka sana siku hizi, kwa hiyo mimi ndiye ninayeosha vikombe. Naviosha kwa maji ya moto bila sabuni, kama Baba alivyonielekeza.

Tafadhali mwambie bosi kwamba Baba yu tayari kwa makopo mengine wakati wowote. Kazi hii inamfaa. Akikosa makopo sijui atakuwa anaamkia nini.

Wako mtiifu,
Binti wa Pua


28 Februari

Binti,

Barua hii nimeituma shuleni kwako kwa sababu ni yako peke yako. Isome ukiwa umekaa.

Kila kisanduku kinachotoka kwangu kina mtego. Chai moja naitia kwenye makopo mawili yenye namba tofauti. Baba yako ndiye aliyenifundisha kuutega, mwaka ule wa kwanza tulipoanza kazi pamoja. Alisema, "Mama Makopo, pua ni kama kisu, haikwambii siku inayokufa makali. Nitegee, na siku nitakayonasa uniambie." Miaka yote hiyo hakunasa. Alikuwa akiandika pembeni mwa ripoti, "Hawa wawili ni mtu mmoja aliyebadilisha shati."

Safari hii namba tatu na namba saba ni chai moja. Imetoka Uchina, lakini imetengenezwa kwa mvuke kama ya Kijapani. Wako wanaofanya hivyo. Moja nikaifunga utepe mwekundu, nyingine mweupe. Ninyi mmeniandikia kwamba moja ni karanga na nyingine ni nyasi. Hamkuonja chai, mwanangu. Mmeonja utepe.

La pili ni hilo la kipimajoto. Kitabu chako hakikudanganya. Mtu anayetaka kuketi na kufurahia kikombe chake afuate kitabu. Lakini mwonjaji hanywi ili afurahi. Mwonjaji humimina maji yanayochemka juu ya kila jani, la Uchina na la Japani, sawasawa, kwa sababu maji makali hulifanya jani litapike kila lilichoficha. Maji ya upole huficha kasoro. Baba yako ameunguza ulimi miaka ishirini na miwili kwa ajili ya hilo. Asingekubali nyuzi sitini hata angekuwa amefungwa kamba.

Kwa hiyo nakuuliza nawe unijibu: nani ameonja?

Na kabla hujanijibu, chemsha maji mpaka yaruke, umimine juu ya namba sita, ufunike, uhesabu dakika tano. Kisha uniambie ulichokiona. Zimebaki siku ishirini.

Mama Makopo


6 Machi

Shikamoo Mama Makopo,

Nimeanza barua hii mara nne. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua ngumu ianze na jambo gumu, kwa hiyo naanza nalo.

Baba hanusi. Hanusi kitu chochote tangu homa ile ya Desemba. Nimeonja mimi, zote nane. Maneno yote ni yangu, hata maua.

Mwanzoni hakuniambia. Nilijua siku niliposahau kutia majani. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na mtihani kesho yake, nikamwaga maji matupu ya moto kwenye kikombe, nikafunika, nikampelekea. Aliinua kifuniko kidogo, akanusa kwa muda mrefu, akasema, "Safi. Hii ni ya Japani." Nilisimama pale sijui nifanye nini na mikono yangu. Kisha nikasema, "Ndiyo, Baba," nikakirudisha kikombe jikoni, nikatia majani, nikaonja mwenyewe, nikaandika. Hiyo ndiyo namba sita. Nadhani anajua kwamba najua. Lakini kila jioni tunakaa mezani tunapeana vikombe kwa heshima, kama wageni.

Namba tatu na saba nina aibu nazo zaidi. Mara ya kwanza niliandika nyasi kwa zote mbili. Daftari ninalo, naweza kukuonyesha. Kisha nikatazama tepe, nikaona moja imeandikwa Uchina, na kitabu kimesema ya Uchina iwe na karanga. Nikaiongezea maji moto, nikanywa tena, nikazitafuta karanga mpaka nikazipata. Nilidhani aliyekosea ni mimi.

Jana Mama alimpeleka Baba kliniki. Nilichemsha maji mpaka yakaruka kama ulivyosema. Namba tatu na saba ni pacha kweli, nimefumba macho nikazichanganya nisiweze kuzitofautisha. Namba moja ilikuwa kali, lakini safi. Namba tano ilinikunja uso, lakini chini ya ukali bado kuna mchuzi ule. Nikaja kwa namba sita. Nilipoinua kifuniko nilirudi nyuma. Inanuka kabati la nguo lililofungwa msimu mzima wa mvua. Mdomoni hakuna kitu mbele, kisha unakuja uchungu mtupu, na majani yaliyolowa yana rangi ya udongo pembeni. Ni chai kuukuu, Mama Makopo, nadhani na maji yaliwahi kuifikia. Kwa nyuzi sitini ilikuwa tamu kuliko zote.

Nami niliiandikia jina la Baba.

Nakuomba usimwambie bosi. Sema makopo yalichanganyika, sema lolote. Shuleni watoto wengine husema baba yangu anafanya kazi ya kunywa chai, nami huwajibu kwamba kuna watu wachache sana duniani wanaoweza. Sijui nitawajibu nini sasa. Hilo si muhimu. Lililo muhimu ni kwamba akiipoteza kazi hii hatainuka kitandani.

Nisamehe.
Binti wa Pua


11 Machi

Kipua,

Ndivyo nitakavyokuita sasa. Pua ndogo ni pua.

Barua yako nimeisomea kati ya makabati, nimekaa juu ya gunia. Nilipomaliza nilibaki palepale mpaka wapagazi wakadhani nimeanguka.

Sikuweza kusema makopo yalichanganyika, kwa sababu miaka ishirini na miwili makopo yangu hayajachanganyika, na Kipara analijua hilo. Nilimwendea na barua yako mkononi, bila kumsomea. Nikamwambia namba sita ina shaka. Akaniuliza, "Nani kasema?" Nikaikunja barua yako. Akasema, "Mimi nina sahihi ya Pua. Wewe una nini?" Hana kosa. Sahihi ya Pua haiwezi kufutwa na neno la mtunza stoo, wala na barua ya mwanafunzi. Inafutwa na Pua mwenyewe. Zimebaki siku tisa.

Sasa nami nikuambie langu, tusije tukakuhukumu wewe peke yako. Desemba, siku chache baada ya homa, Baba yako alirudi kazini kwa siku mbili, akapitisha chai nyeusi yenye ukungu. Ukungu ule hata paka wa ghala aliukimbia. Sikumwambia. Niliyarudisha yale magunia kimyakimya, nikaandika kwamba mzigo ulilowa njiani. Aliniomba miaka ile nimwambie siku atakayonasa. Nilimwahidi. Siku ilipofika, nikaingiwa na huruma, na nilikuwa nimechoka. Daktari akamkataza kutoka, nami nikashusha pumzi. Kisha nikamtumia makopo nyumbani, nikajisemea pengine imerudi. Mimi nilikuwa wa kwanza kumpa maji ya nyuzi sitini. Wewe umefuata tu.

Sasa mchemshie. Usimwambie kwa maneno, maneno unayo mazuri mno, utayapanga. Weka vikombe viwili mbele yake, namba tano na namba sita, maji yanayoruka, na ukae kimya. Atakuuliza "Wewe unasemaje?" Hapo umjibu.

Sijui atafanya nini. Nimemjua muda mrefu na sijui. Lakini jina likiwa kwenye kila boksi la chai ile, kila atakayefungua atafungua jina lake.

Mama Makopo


15 Machi

Mama Makopo,

Naandika mwenyewe. Uvumilie mwandiko.

Nimenasa. Asante kwa kutega. Umechelewa kuniambia, nami nimechelewa kukuambia, basi hatudaiani lawama.

Jana msichana aliweka vikombe viwili mezani, mvuke umejaa uso. Kipimajoto hakikuwepo. Nikajua. Nikashika cha kwanza, nikafanya ule mchezo wangu wa kufumba macho. Nikamuuliza, "Wewe unasemaje?" Akasema, "Hii ni safi, Baba." Nikashika cha pili. Nikasema, "Vipi?" Akasema, "Hii inanuka kabati la mvua, na wewe hunusi." Hakuangalia chini.

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira kila mahali, sikuipata. Nilichoka tu. Unajua kubeba kitu mpaka mkono ufe ganzi, mtu akipokee ndipo usikie maumivu. Hivyo.

Mama yake alikuwa mlangoni na kapu la nguo. Akasema, "Mimi najua tangu maziwa." Kumbe nyumba nzima ilikuwa inanibembeleza.

Kisha nikamwambia achemshe zote nane, nikaonja, kwa heshima ya kazi. Pua imekufa, lakini ulimi haujafa wote. Uzito naupata. Namba tano inakaa mdomoni kama mchuzi, hiyo ni Japani ya kweli hata kwa kiziwi. Namba moja haina uzito huo, inapita nyepesi na kuacha utamu, hiyo ni Uchina, karai. Namba sita haikai wala haipiti. Inakwaruza. Nikayamwaga majani kwenye sahani nyeupe nikayasugua kwa vidole: yamekatika, yamepauka, kingo za kahawia. Macho yangu bado ni yangu. Ningeyaangalia majani Februari ningeona. Sikuyaangalia kwa sababu nilikuwa na kazi ya kujifanya nanusa.

Kwa hiyo mpe Kipara hii: Mimi, mwonjaji wa kampuni, nafuta sahihi yangu kwenye ripoti ya tarehe tatu Februari. Namba sita ni mavuno ya zamani, imelowa, haifai. Namba tatu na namba saba ni mtu mmoja aliyebadilisha shati. Namba moja na namba tano ni safi. Ripoti ya kwanza niliitia sahihi bila kunusa, kwa sababu sinusi tena, na kosa hilo ni langu, si la mwandishi wangu. Baada ya barua hii mimi si mwonjaji.

Dereva wa lori lenu anapita kesho, nitampa mkononi.

Msichana aliandika nyasi mara mbili kabla ya kutazama utepe. Ameniambia. Nimemwambia aliyekosea ni utepe.

Pua (ya zamani)


24 Machi

Pua, na Kipua,

Nimewaandikia wote wawili karatasi moja, wino unaisha.

Kipara alisoma barua akawa mwekundu mpaka juu, na yeye hana nywele za kuzuia. Akasema amefedheheka. Akasema atamleta mtu mwingine aonje namba sita. Nikamwambia hakuna haja ya mtu, kuna birika. Nilimchemshia mbele ya meza yake, nikafunika, tukahesabu dakika tano tukitazamana. Akainua kifuniko. Akakirudisha. Akasema, "Fungua dirisha." Hayo ndiyo yote aliyoyasema asubuhi ile.

Namba sita haikuagizwa. Watachukua namba moja, ya karai, watu wetu wataizoea haraka kwa ajili ya zile karanga. Namba tano wanasema isubiri, watu hawajawa tayari kwa mchicha kikombeni.

Lako, Pua. Sikuweza kulizuia. Nafasi yako wamempa kijana anayetoka kampuni nyingine, ana vyeti na anavaa koti jeupe. Nimemtegea tayari. Kipara alitaka kukuandikia barua ya kukuaga akashindwa na mstari wa pili, akaniambia nikufikishie kwamba hakuna mwonjaji aliyewahi kufuta sahihi yake katika kampuni hii. Hakusema kama ni sifa. Nadhani ni sifa.

Jina lako halitakuwa kwenye maboksi. Ila kuna nafasi imebaki wazi nyuma ya boksi, na Kipara hajui aijaze na nini. Nikampa ukurasa wa barua ya kwanza ya Kipua, ule wa maji. Nyuzi themanini, usiharakishe. Nilimwambia mnunuzi wetu atakuwa mtu aliyerudi kazini amechoka, anataka kuketi. Huyo si mwonjaji, mpe maji ya upole. Akakubali, bila jina, na bila maua. Maua aliyakata. Nilipigana.

Kisanduku hiki ni cha mwisho. Kuna bakuli lako jeupe la kuonjea lililopasuka ukingo, kijana wa koti alitaka kulitupa. Na kuna kopo lililobaki la namba tatu, ambayo pia ni namba saba. Ni chai nzuri, imechoka tu kufungwa tepe.

Mgongo vilevile.

Mama Makopo


5 Aprili

Shikamoo Mama Makopo,

Kisanduku kimefika. Baba alilitoa bakuli, akapitisha kidole kwenye ufa, akaliweka dirishani.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama nilivyoogopa. Aliamka saa nne, saa tano, siku moja hakuamka kabisa. Mama alikuwa anamwachia chakula na kukikuta vilevile. Sikuwa na la kufanya, kwa hiyo niliendelea kuosha vikombe ambavyo havijatumika.

Jumapili aliingia jikoni mwenyewe, akaketi kwenye kiti chake. Akasema, "Ile ya mtu aliyebadilisha shati ipo?" Nikachemsha maji. Nikamuuliza niyamimine yakiruka, akasema, "Ya nini? Sisi si waonjaji leo. Yapoe kidogo." Kwa hiyo tukasubiri yapoe. Wakati tunasubiri alianza kunieleza habari za mwaka wako wa kwanza kazini, ulipoyapanga makopo yote kwa uzuri wa rangi badala ya namba, na bosi wa wakati ule akalia. Alieleza kwa muda mrefu. Sikutaka kumkatiza.

Nilipomimina, nilijua nimechelewa. Maji yalikuwa karibu kuwa ya kuogea. Nilifunika, nikahesabu, nikampa kikombe chake nikachukua changu.

Hakufumba macho. Aliniangalia tu, akasema, "Niambie."

Zamani ningemtafutia karanga. Nilinusa vizuri, mara mbili, ili nisimdanganye.

"Haina harufu, Baba. Nimeyaacha maji yapoe mno."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanywa. Akakaa nayo mdomoni, akameza.

"Basi leo tuko sawa, mimi na wewe," akasema, na akacheka mpaka Mama akatoka chumbani kuuliza ni nani amekuja.

Wako mtiifu,
Kipua